Tumtazamaye Naye Anatutazama

Msikilizaji wangu, popote ulipo, hapa Mulot kando ya barabara ya Narok, kule juu Silibwet ambako majani chai yamefunika vilima, au jikoni ukipika chakula cha usiku, nina ombi moja dogo kabla sijaanza. Nyosha mkono wako mbele, inua kidole gumba, kisha utazame ukucha wake. Dereva, wewe usijaribu. Shika usukani, utatazama ukifika.

Umeuona ukucha? Basi upana huo mdogo ndio takriban eneo lote ambalo jicho lako linaliona kwa ukali kamili kwa wakati mmoja. Mlango, ng'ombe aliye pembeni, mtoto anayecheza uani, hao wote unawaona kwa ukungu. Hatuutambui ukungu huo kwa sababu jicho halitulii. Linatua hapa kitambo kifupi, linaruka pale, linarudi tena, mara tatu hivi kila sekunde, kutwa nzima. Nao ubongo unavishona vipande hivyo mpaka tunaamini tunauona ulimwengu mzima kwa pamoja, kama nguo isiyo na mshono.

Aliyewahi kuchuna majani chai anaijua kazi hii hata kama hakuwahi kuifikiria. Mchunaji hodari macho yake hutangulia mikono. Yanatua kwenye majani mawili na chipukizi, yanaliruka jani lililokomaa, yanakwepa kijiti kikavu, yanaenda kwenye chipukizi jingine, na vidole vinafuata nyuma. Muulize amejuaje lipi la kuchuna na lipi la kuacha. Hatakuwa na jibu, kwa sababu macho yameshaamua kabla yeye hajawaza.

Leo nataka tuzungumze juu ya watu ambao kazi hii ya macho imekuwa mzigo kwao. Ni watu wenye ugonjwa wa akili unaoitwa skizofrenia. Nazungumza kwa sababu ugonjwa huu umeingia nyumbani kwetu.

Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa mchunaji wa kusifiwa. Jina lake sitalitaja. Ni mtu mzima na ana haki ya siri yake. Alipomaliza kidato cha nne alikuwa akimsaidia mama mdogo shambani, akisubiri nafasi ya chuo. Kabla ya saa nne asubuhi kikapu chake kilikuwa kimejaa. Kisha msimu mmoja tukaanza kumwona anasimama. Yuko katikati ya mstari, mkono juu ya kichaka, macho yametua kwenye jani moja na hayaondoki. Mama mdogo anaita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, ndipo anageuka kama mtu aliyerudishwa kutoka safari ya mbali. Siku moja mama mdogo akamuuliza, "Mwanangu, una nini?" Akamjibu, "Mama, majani ni mengi sana."

Jibu hilo tuliliona upuuzi. Nani asiyejua kwamba majani ni mengi? Wako waliosema ni uvivu, wako waliosema ni bangi, na wako waliosema kuna mtu amemtupia jicho. Baadaye zikaja sauti, akasikia watu wa kituo cha chai wakimsema. Akaacha kwenda sokoni kwa kuwa, alivyotuambia, kila anayempita anamkazia macho. Tulizunguka naye miaka miwili, kwa maombi, kwa mganga, kwa wazee, kabla hajafikishwa hospitalini. Miaka miwili, msikilizaji. Hesabu hiyo nitairudia, kwa sababu mpaka leo inaniuma.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Siku ya soko hapa Mulot msemo huo unauona kwa vitendo. Mifugo inashushwa, wanunuzi wametoka Narok na wengine Bomet, na pembeni pale amesimama mtu mmoja anayezungumza peke yake. Watoto wamemzunguka. Watu wazima wanapunguza mwendo. Tunamtazama tunavyotaka, tunayatazama hasa macho yake, kisha tunaambiana, "Hata macho yake yanaonyesha." Lakini ni nani kati yetu amewahi kuuliza, mtu huyu yeye anaona nini? Akitugeuzia uso, anatuonaje?

Kuna watu walioliuliza swali hilo, na walianza zamani.

Mwaka 1908 yalitokea mambo mawili, kila moja na bara lake. Mwezi wa Aprili, mjini Berlin, daktari Mswisi Eugen Bleuler aliwaambia madaktari wenzake kwamba ugonjwa uliokuwa ukiitwa kuharibika kwa akili mapema unahitaji jina jingine, akatumia neno skizofrenia, lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya akili iliyopasuka. Hakusema kwamba mtu mmoja anakuwa watu wawili, ingawa wengi wanalielewa hivyo hata leo. Alisema kwamba fikra, hisia na matendo, ambavyo kwa mtu mzima wa afya huvuta pamoja kama ng'ombe wa plau moja, vimeachana mwendo.

Mwaka huohuo, kule Connecticut, Marekani, daktari Allen Diefendorf na mwanasaikolojia Raymond Dodge walichapisha utafiti ambao haukuwa na mfano. Walimketisha mgonjwa mbele ya kitu kinachobembea kama pendulo, wakampa kazi ya kukifuata kwa macho, na wakapiga picha ya nukta ya mwanga iliyoakisiwa na jicho lake. Waligundua kwamba wagonjwa wa aina hii macho yao hayakukifuata kitu kile kwa ulaini. Yalibaki nyuma, kisha yakaruka kukifikia, yakabaki nyuma tena.

Ili uelewe walichokiona, simama kando ya barabara hapa Mulot. Lori la mahindi linatoka upande wa Narok kwenda Bomet. Lifuate kwa macho mpaka lipite. Macho yako yameteleza nalo taratibu, kama mtumbwi juu ya maji. Sasa ngoja barabara iwe tupu, halafu jaribu kuyatelezesha macho vilevile toka mwanzo mpaka mwisho pasipo kitu cha kufuata. Hutaweza. Yataruka-ruka tu, hatua kwa hatua. Kuteleza huko si kazi ya jicho peke yake. Kila jicho lina misuli sita, lakini misuli hiyo hupokea amri, na ubongo unaotoa amri lazima ukisie mahali lori litakapokuwa kabla halijafika. Kwa wengi wenye skizofrenia, ukisiaji huo unalegea. Lori linatangulia na jicho linalikimbilia.

Utafiti ule ulisahauliwa kwa miaka mingi. Mwaka 1973, Philip Holzman na wenzake wa Chicago waliufufua katika jarida la Science, na mwaka uliofuata wakaleta habari iliyowashangaza wengi. Waliwapima jamaa wa damu wa wagonjwa, wazazi na ndugu ambao hawakuwa wagonjwa, na karibu nusu yao macho yao yalikwama vilevile, wakati miongoni mwa watu wengine wenye hali hiyo walikuwa wachache sana.

Hebu tuitafakari habari hiyo kwa lugha ya nyumbani. Dada yako ni mzima, anaendesha duka lake, anasomesha watoto, na bado jicho lake linabeba alama ileile iliyo katika jicho la kaka yake mgonjwa. Maana yake ni kwamba sehemu ya mzizi wa ugonjwa huu inapita katika damu na kukaa katika ubongo. Haimo katika kijicho cha jirani. Tulipomtuhumu jirani kwamba amemtupia kijana wetu jicho, tulimwonea mtu asiye na hatia, na tukaupoteza muda wa kijana.

Sasa tutoke kwenye lori, twende kwenye picha. Mpe mtu picha ya soko na umwache aitazame apendavyo, huku mashine ikifuatilia macho yake. Kwa kawaida macho yatatembea mbali: kwenye nyuso, kwenye mikono inayopokea pesa, kwenye mbuzi aliyefungwa, kwenye mawingu, na tena kwenye nyuso. Kwa watu wengi wenye skizofrenia ziara hiyo ni fupi. Macho hutua mara chache zaidi, hukaa muda mrefu zaidi kila yanapotua, na miruko yake haiendi mbali. Sehemu kubwa ya picha inabaki bila kutembelewa.

Nilipoyasoma haya kwa mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Nilimwona ndugu yangu katikati ya mstari, mkono juu ya kichaka, macho kwenye jani moja. Siwezi kuapa kwamba alichopitia ndicho hasa kilichopimwa na watafiti. Mimi si daktari, na jicho lina sababu nyingi za kuganda. Lakini "majani ni mengi sana" halikuwa tena neno la upuuzi masikioni mwangu. Alikuwa ametupa taarifa. Alitueleza kwa usahihi jinsi shamba linavyoonekana pale macho yanaposhindwa kuchagua, nasi tukamjibu kwa kumkemea.

Tukija kwenye uso wa binadamu, jambo linakuwa zito zaidi. Tunapotazamana, macho hucheza katika pembetatu: jicho moja, jingine, mdomo, na tena macho. Huko ndiko tunakosoma kama mtu amefurahi, amekasirika au anatania. Tangu miaka ya 1990, watafiti kadhaa, wakiwemo wa Sydney, wameonyesha kwamba wengi wenye skizofrenia hawatui sana kwenye sehemu hizo zinazosema. Macho yao yanakaa kwenye shavu, kwenye paji, pembeni. Sasa mchukue mtu kama huyo umpitishe sokoni. Watu mia wanamtazama. Tabasamu la mama muuza mboga linampita. Lakini kutazamwa kwenyewe kunamfikia, tena kwa nguvu. Je, si rahisi kwake kuamini kwamba dunia nzima imemkazia macho kwa ubaya? Mimi naona ni rahisi. Na pale tunapomkazia macho kweli, tunakuwa tumeithibitisha hofu yake.

Sitaki uondoke hapa ukidhani kwamba wagonjwa hawa wanaona pungufu tu. Kuna kiini macho kimoja cha kinyago. Ukichukua kinyago cha uso wa mtu ukakigeuza ili upande wa ndani, ulio na shimo, ukuelekee, utaona uso uliojitokeza mbele, pua imetokeza kwako. Ubongo umezoea nyuso mno kiasi kwamba unakataa kuamini shimo. Danai Dima na wenzake waliochunguza jambo hili na kulichapisha mwaka 2009 walikuta kwamba wenye skizofrenia hawakudanganyika. Waliliona shimo kama shimo. Mahali sisi tunapoona tulichozoea, wao waliona kilichopo. Akili inayougua haijazimika, msikilizaji. Inafanya kazi kwa mizani tofauti.

Jaribu la mwisho, kisha nitakuacha upumzike. Fumba jicho moja. Lile lililo wazi, liguse kwa upole sana juu ya kope, kwenye kona ya nje, ulisukume kidogo. Umeona? Dunia imetikisika. Lakini kutwa nzima unayahamisha macho mwenyewe mara elfu na elfu, na dunia haitikisiki hata mara moja. Kwa nini? Kwa sababu kila ubongo unapotoa amri ya kuhamisha jicho, unajitumia nakala ya amri hiyo, kama karani anayebaki na nakala ya risiti. Nakala hiyo inasema: mtikisiko huu ni wako, usishtuke. Kidole kinaposukuma jicho, nakala haipo, na dunia inaonekana kuyumba.

Mwaka 1978 mwanasayansi Irwin Feinberg alipendekeza wazo ambalo bado linachunguzwa hadi leo. Alisema huenda mawazo nayo yana nakala yake. Ninapojisemea moyoni, ubongo wangu unajua kwamba msemaji ni mimi. Nakala ikipotea njiani, sauti yangu ya ndani itanijia kama sauti ya mgeni. Tangu hapo watafiti wameyatumia macho, ambayo ni rahisi kuyapima, kutafuta kama kweli nakala hiyo ina kasoro kwa watu wanaosikia sauti, na wamepata dalili kwamba ndivyo. Ni nadharia, lakini tazama inavyobadilisha mazungumzo. Ndugu yangu aliposikia watu wa kituo cha chai wakimsema, huenda hakuwa anatunga. Alisikia kweli. Kilichopotea ni risiti.

Sasa swali ambalo najua unalo. Kama macho yanasema hivi vyote, kwa nini tusiyapime na kumaliza ubishi? Mwaka 2012 Philip Benson na David St Clair wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, walitangaza kwamba kwa kuunganisha majaribio machache mepesi ya macho, waliweza kuwatenga wenye skizofrenia na wasio nayo kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 98. Hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo daktari bado haandiki jina la ugonjwa kwa kupima macho. Anauliza, anasikiliza, anachunguza historia ya miezi. Sababu ni kwamba macho hukwama kwa mambo mengine pia: uchovu, pombe, dawa za aina nyingi, na magonjwa mengine ya akili. Alama inayoonekana mahali pengi haiwezi kuwa jina la kitu kimoja.

Na iko sababu inayotuhusu sisi moja kwa moja. Hapa kwetu, kijana aliyelelewa vizuri akizungumza na mzee hupeleka macho chini. Bibi harusi naye hutazama chini. Hiyo ni heshima. Mtu wa nje asiyeijua angeandika katika daftari lake kwamba watu hawa hukwepa nyuso. Picha za majaribio pia zina wenyewe: aliyekulia kati ya majani chai na mifugo hatazami picha ya mtaa wa Ulaya kama anavyoitazama mwenye mtaa. Kabla kipimo chochote cha macho hakijaletwa kwetu, lazima kwanza kijifunze macho yetu.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu historia yetu ina mfano. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianza 1910 kama nyumba ya wendawazimu ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1938 ilikabidhiwa daktari John Colin Carothers, ambaye wakati huo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Aliwatazama Waafrika waliofungiwa pale kwa miaka 12, na kutokana na alichodhani amekiona akaandika kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyekatwa sehemu hiyo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Mtu mmoja aliwatazama wengine bila kuuliza wanaona nini, na macho yake yakageuzwa kuwa sayansi. Na hata leo, toka Mathari hadi Mirembe ya Dodoma, toka Butabika ya Kampala hadi Kidongo Chekundu ya Zanzibar, jina la hospitali limekuwa tusi la mtaani kabla halijawa jina la mahali pa kuponea.

Mambo yanabadilika, na wanaoyabadilisha ni watu wetu wenyewe. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret na watafiti wa Kilifi wameshiriki katika mradi mkubwa unaochunguza urithi wa magonjwa haya kwa Waafrika, pamoja na wenzao wa Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, kwa sababu kwa muda mrefu damu iliyopimwa ilikuwa ya Wazungu karibu peke yao. Na kama wadhani vipimo vya macho haviwezi kufika kijijini, kumbuka Nakuru, jirani zetu hawa. Huko ndiko daktari Andrew Bastawrous na wenzake walikojaribu programu ya simu ya mkononi ya kupima uwezo wa kuona, wakienda nyumba kwa nyumba, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba inapima vizuri kama chati ya kliniki. Kupima ukali wa macho ni kazi nyepesi kuliko kupima mwendo wake. Lakini njia imeshakanyagwa, na imekanyagwa hapa hapa Bonde la Ufa.

Turudi nyumbani, kwa yule mwenye mgonjwa ndani. Nina mambo matatu kwako.

La kwanza ni muda. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mtu 1 kati ya 300 duniani anaishi na ugonjwa huu, na mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, umri uleule wa kidato cha nne na chuo. Anayetibiwa mapema hupata nafuu zaidi kuliko aliyecheleweshwa. Mficha maradhi kilio humfichua. Ukiona kijana amejitenga, halali, anawajibu wasioonekana, anaacha kazi aliyoipenda, usingoje miaka miwili kama sisi. Anza na mhudumu wa afya ya jamii au zahanati iliyo karibu nawe, nao watakuelekeza Longisa, Tenwek, Kericho au mbali zaidi ikibidi. Kuomba Mungu hakukatazwi. Omba huku dawa ikiendelea.

La pili lisikilize kwa makini, kwa sababu linahusu macho na linawatisha wengi. Baadhi ya dawa za ugonjwa huu, hasa zile za zamani kama haloperidoli, zinaweza kuyafanya macho ya mgonjwa yapande juu na kukataa kushuka, shingo ikajipinda, taya ikakaza. Familia nyingi zikiona hivyo husema pepo limepanda, dawa inatupwa, mgonjwa anapelekwa kukemewa. Si pepo. Ni athari ya dawa inayojulikana na inatibika haraka. Mrudishe hospitalini mara moja, ueleze dawa aliyopewa na lini. Atapewa ya kuituliza, na daktari atapunguza kipimo au kubadilisha dawa. Tafadhali usiyasimamishe matibabu kwa ajili ya hilo.

La tatu ni jinsi ya kumkaribia. Mwite kwa jina kabla hujamfikia. Sema naye mtu mmoja kwa wakati, polepole. Usimkazie macho na usimkwepe. Useme kwa maneno kile ambacho uso wako unakisema: "Nimefurahi kukuona." "Sijakukasirikia." Mwaka 2008 Tamara Russell na wenzake walichapisha habari njema kwamba wagonjwa waliofundishwa mahali pa kutazama kwenye uso walisoma hisia vizuri zaidi, na macho yao yakaanza kutua panapostahili. Macho yanafundishika. Yakiwa na mwalimu mpole yanafundishika zaidi.

Na sheria sasa iko upande wake. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, ikampa mgonjwa haki ya kushirikishwa katika matibabu yake na ya kutobaguliwa katika bima. Lakini sheria haikai sokoni Mulot siku ya mnada. Tunaokaa pale ni sisi.

Nimalizie na ndugu yangu. Leo anapata sindano yake kila mwezi. Hajarudi kuwa yule wa zamani wa kujaza kikapu kabla ya saa nne, lakini anachuna. Na aliyemrudisha mstarini hakuwa daktari pekee. Ni mama mdogo. Mnaufahamu ule ufito tunaoulaza juu ya kichaka ili meza ya chai, yaani usawa wa juu wa vichaka, ikae sawa? Mama mdogo aliulaza mbele yake, akamwambia, "Chuna mpaka hapa kwenye ufito. Huko mbele hakukuhusu." Akimaliza, anausogeza. Akimaliza tena, anausogeza. Hajasoma habari za Aberdeen wala za Chicago. Alikuwa ameyatafakari maneno ya mwanawe kwamba majani ni mengi sana, akaamua kuyaamini, akayapunguza majani.

Ukimwona mtu kama huyo kesho sokoni, macho hayana pazia, najua utamtazama. Mtazame. Lakini jua kwamba naye anakutazama, na kwamba kukupata katikati ya watu wote wale kumemgharimu. Mlazie ufito. Mpe uso mmoja, jina moja, neno moja la kuanzia.